Vita Tulisimuliwa, Ugonjwa Tukafichwa

Binti yetu yuko kidato cha pili. Wiki chache zilizopita alirudi nyumbani na kazi aliyopewa na mwalimu: kila mwanafunzi achore mti wa ukoo wake, aandike majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, wajomba, shangazi, mama wakubwa na mama wadogo, mwaka waliozaliwa, kazi waliyoifanya, na kama wamefariki, walifariki lini na kwa sababu gani. Akaketi jikoni na daftari lake wakati sisi tunamenya ndizi za usiku. Upande wa baba yake ulikwenda upesi. Alipofika upande wetu akauliza:

"Mama, babu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Aliugua kifua."

"Na bibi?"

"Naye aliugua kifua."

Akaandika. Akauliza habari za mama mdogo, na za mume wa mama mdogo. Tukajibu vilevile. Hapo kalamu yake ikasimama.

"Mama, ukoo mzima kifua?"

Tukamwambia, "Nenda kachote maji." Bomba liko nje ya mlango wa jikoni, na ndoo mbili zilikuwa zimejaa pale pale miguuni pake. Alitutazama, akanyanyuka, akatoka bila neno.

Mpenzi msomaji, sisi kazi yetu ni uuguzi. Kwa miaka mingi tumefanya kazi katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na Jumamosi tunakwenda na akina mama wenzetu wa kanisani kuwatembelea wagonjwa na yatima. Kila wiki tunakaa na mama mmoja mmoja na kumwambia, "Usimfiche mtoto. Mwambie kidogo kidogo kadiri anavyokua." Siku ile, mbele ya ndizi zetu wenyewe, tulidanganya mara nne mfululizo. Ndipo tukaanza kuikumbuka upya miaka tuliyokulia, na kujiuliza tulijifunzia wapi kusema uongo kwa wepesi namna ile.

Vita vilivyosimuliwa kila usiku

Sisi ni watoto wa baada ya vita. Tulizaliwa mwaka 1978 katika kijiji kilicho kusini ya mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu yote ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbia, hata wa upande wetu ambako askari wa Amin hawakufika, maana hakuna aliyejua kama mto ungewazuia. Mama alitubeba mgongoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huo huo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Ukipita Kyaka hadi leo utaona magofu ya kanisa lililobomolewa vitani.

Hatukumbuki chochote cha safari ile, bali tunaijua hatua kwa hatua kana kwamba tulitembea kwa miguu yetu wenyewe, kwa sababu ilisimuliwa. Baada ya chakula, koroboi ikiwa imepunguzwa utambi ili mafuta yasiishe, bibi alianza: nani alikimbia na sufuria badala ya mtoto akarudi mbio, nani alijificha ndani ya migomba akidhani ngurumo ya radi ni mzinga, na jinsi mama alivyoacha nguo zote lakini akafunga kadi yetu ya kliniki kwenye pindo la khanga. Bibi mwenyewe alikimbia na kuku mmoja. Miaka ilivyokwenda yule kuku akawa kuku wawili, na tulipofika darasa la tano akawa mbuzi. Hakuna aliyemsahihisha.

Watu wazima hawakutuficha habari za vita. Tuliambiwa nani hakurudi kutoka upande wa pili wa mto, nani alizikwa bila kuonwa na ndugu zake. Tulicheza vita kwa bunduki za makuti ya migomba, na shida ilikuwa kumpata mtoto wa kukubali kuwa Amin. Ukiwa mtoto uliyejua jambo la kutisha kutoka kwa bibi yako, tena umeegemea paja lake, uliweza kulala.

Miaka ya kufunga mkanda

Vita vilipokwisha hazina ya nchi ilikuwa tupu, na mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ule ulifungwa kwa miaka. Sisi tulipopata akili tulidhani ndivyo dunia ilivyo: sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi inakopwa kwa kijiko. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Balozi wa nyumba kumi aliandika majina ya kila kaya, na siku bidhaa zilipofika kwenye duka la kijiji watoto ndio tuliotumwa kupanga foleni tangu alfajiri, tukiweka mawe mahali petu ili twende tukacheze. Jiwe la mtu liliheshimiwa. Siku hizi tukisimulia hili vijana wanacheka, wanasema jiwe lingetupwa.

Lakini tusijisifie njaa ambayo hatukuwa nayo. Kagera ilikuwa na ndizi. Wenzetu wa mikoa mingine wanatuambia habari za unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa Yanga, na jinsi walivyouchoka. Kwetu mkungu ulikatwa nyuma ya nyumba, maharage yakawa chini ya mgomba, na mwezi wa senene ukifika tulikesha. Tulichokosa ni vitu vya dukani. Shuleni tulikwenda na fagio, jembe na kidumu cha maji. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita, wawili kati yao wakikisoma juu chini. Jirani yeyote aliyekukuta njiani saa za masomo alikuchapa kwanza, kisha akakuuliza jina la baba yako.

Redio ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kipindi cha Mama na Mwana kilipofika ua ule ulijaa watoto. Mwenye redio hakuwa na tabia nzuri hata kidogo, ila kwa redio yake tulimwamkia kwa kupiga magoti marefu.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka, akaingia Mzee Mwinyi ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi. Mitumba ikaja. Tulianza darasa la kwanza mwaka huo wa 1985 na gauni la sare lililoshonwa na mama kutokana na gauni lake mwenyewe. Laiti habari zetu zingekuwa za sabuni tu, tungeandika makala fupi ya kuchekesha na kuishia hapa.

Nendeni mkachote maji

Katika miaka hiyo ya uhaba, biashara ya magendo kati yetu na Uganda ilikuwa kubwa. Miongoni mwa bidhaa zilizovuka mpaka ilikuwepo nguo nzuri ya akina mama iliyoitwa Juliana. Vijana waliofanya magendo walikuwa na fedha, wake zao na wapenzi wao walivaa Juliana, na baadhi yao wakaanza kukonda. Watu wakauita ugonjwa kwa jina la nguo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Tulikuwa na miaka mitano.

Jina la UKIMWI tulilisikia kwanza redioni, na hata hapo hatukujua kwamba redio inasema habari za nyumbani kwetu. Nyumbani hapakuwa na jina. Palikuwa na "kifua", "homa", "amelogwa", "ametupiwa jini la ziwani", au kimya tu na kutikisa kichwa. Mama mdogo alikufa mwaka 1988, mumewe akiwa ametangulia miezi minne. Watoto wao watatu waliletwa kwetu siku ya matanga, kila mmoja na nguo aliyovaa, na jioni hiyo hiyo wakapewa sehemu za kulala katikati yetu bila maelezo. Tulifurahi, maana tulipata wa kucheza nao. Wao hawakucheza kwa muda mrefu, nasi hatukuelewa kwa nini.

Baba alikuwa karani katika chama cha ushirika cha kahawa. Alianza kuugua tukiwa darasa la tano. Wazee wa ukoo walikuja, wakaketi barazani, na kabla hawajaanza kusema mtu mmoja aligeuka na kutuambia, "Nendeni mkachote maji." Tulikwenda. Tuliporudi walinyamaza, tukaambiwa twende tena. Mwaka ule tulichota maji kuliko mahitaji ya nyumba yoyote. Pipa lilijaa, sufuria zikajaa, mitungi ikajaa, na bado tukatumwa. Tulikuwa tukimwaga ndoo kando ya njia ili tupate kurudi kisimani bila kulazimika kuulizana tunafanya nini.

Baba alikufa mwaka 1991. Mama alikufa mwaka 1993. Katika misiba yote miwili ilitangazwa kwamba aliugua kwa muda mrefu.

Tunataka msomaji aelewe kwamba waliotuficha hawakuwa watu wabaya. Bibi yetu, mama yake mama, akiwa na umri ambao mtu hustahili kupikiwa, alichukua watoto wanane chini ya paa lake: sisi watano na wale watatu wa mama mdogo. Alilima, akauza kahawa yake, akakopa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeacha shule ya msingi. Asubuhi nyingine tulikuta mkungu wa ndizi mlangoni bila kujua nani ameuleta. Mwalimu mmoja alijifanya haoni tulipochelewa ada. Pale kwetu bibi wa namna hii walikuwa kila kijiji, na hakuna aliyewapa medali. Kama kuna jambo moja la zamani ambalo tungelichukua na kulileta leo kwa mikono miwili, ni ule mkungu wa mlangoni usio na jina.

Lakini bibi, aliyesimulia vita hata kuku akawa mbuzi, hakuwahi kutaja ugonjwa uliowaua binti zake wawili. Hata mara moja. Alifariki mwaka 2003 nalo halijatoka mdomoni mwake. Aibu ilikuwa kubwa kuliko vita. Katika vita adui alitoka ng'ambo ya mto, na kila mtu aliweza kumtaja. Katika ugonjwa huu watu waliuliza nani alimletea nani, na jibu lo lote lingemwangukia mtu aliyezikwa shambani mwako.

Na kimya kile kilikuwa na gharama yake. Kaka yetu mdogo, wa mwisho kuzaliwa, alikuwa na miaka sita baba alipokufa. Wiki chache kabla alikuwa ameangusha taa ya chemli ya baba ikavunjika kioo, na wakati ule kioo cha taa kilikuwa mali. Baba alimgombeza. Kisha baba akalala kitandani, hakuamka tena. Yule mtoto aliunganisha mambo mawili peke yake, gizani. Alituambia akiwa mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mke na mtoto, akilia barabarani. Miaka ishirini na minne alikuwa amebeba kioo cha taa.

Tumefanya kazi na yatima kwa muda mrefu, na tunaweza kusema kwamba jambo hili si la ajabu. Mtoto asiyeambiwa sababu hujitafutia yake, na mara nyingi sababu anayoipata ni yeye mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, tarehe 21. Mamia ya watu walikufa, na mkoa wetu ukajaa matanga. Redio ilisema. Wazee walisema mbele yetu, tuliketi nao barazani, tukawalilia jirani zetu kwa majina yao. Hakuna aliyetutuma maji. Tulikuwa na miaka kumi na minane, na kwa mara ya kwanza tulijiuliza kwa nini wazazi wetu hatukuwahi kuwalilia namna hii.

Wodini na baada yake

Pengine ndicho kilichotupeleka kwenye uuguzi. Tuliingia chuo mwishoni mwa miaka ya 1990, na wodi tulizofundishiwa zilikuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja na mmoja sakafuni. Tulikuwa na dawa ya GV ya kupaka vidonda vya mdomo, vidonge vya kutuliza maumivu, na maji ya kuogeshea. Wengi wao walikuwa wa umri wa wazazi wetu walipokufa. Tulijifunza kusoma cheti cha mgonjwa na kujua, na tukajifunza vilevile kutokusema, kwa sababu ndugu walituomba kwa macho tusiseme. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Kwa ukoo wetu tangazo lilikuja miaka kumi na sita baadaye kuliko ugonjwa.

Halafu mwezi Oktoba mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Mgonjwa aliyeletwa juu ya baiskeli, amefungwa kwa khanga asianguke, baada ya miezi mitatu alikuja kwa miguu kuchukua dawa zake, amebeba embe za kutugawia. Akina mama wa kanisani walimwita Lazaro, naye akalikubali jina. Tulifurahi sana siku zile, na usiku tulihesabu miaka: 1991 hadi 2004, 1993 hadi 2004. Bibi aliukosa mwaka huo kwa mmoja tu. Mtu wa afya hufanya hesabu hizo hata asipopenda.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba zamani ilikuwa bora, tunamwomba asubiri kwanza. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 hadi 1992, watoto 141 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 43. Nyuma ya namba hizo kuna chanjo, vyandarua, akina mama wanaojifungulia vituoni, na sindano inayotumika mara moja na kutupwa, tofauti na zile za kioo tulizodungwa sisi, zilizochemshwa katika sufuria na kuwa butu. Malaria tulitibiwa kwa klorokwini, na kila aliyekulia miaka ile anajua mwasho wake. Tulijikuna kwa gunzi la hindi usiku kucha. Tuliposikia kwamba klorokwini imeondolewa mwaka 2001, katika wodi nzima hakuna aliyeisikitikia.

Na kwa habari ya ugonjwa wetu, mama mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, akahudhuria kliniki, na mtoto akapewa dawa yake, basi mara nyingi sana mtoto huyo huzaliwa na kukua bila virusi. Mtoto hupimwa akiwa na wiki sita, kwa tone la damu ya kisigino. Tunapompa mama jibu zuri tunajaribu kuwa watu wa kazi, tunaandika kadi, tunamwambia tarehe ya kurudi. Kuna siku tunashindwa, tunakwenda kusimama nyuma ya stoo ya dawa.

Kimya cha siku hizi

Lakini tumeona kwamba dawa hazikukiondoa kimya. Kimebadili nguo tu. Zamani mtoto alifichwa kifo. Siku hizi anafichwa vidonge. Mtoto aliyezaliwa na virusi anaambiwa dawa zake ni za pumu, za moyo, za vitamini. Mama huzibandua karatasi kwenye kopo. Mwingine huzificha ndani ya mchele akihofia mumewe. Tunawaelewa, maana kuna mume atakayemfukuza, na kuna mwenye nyumba atakayempa notisi.

Ila mtoto wa leo si yule wa 1991 aliyetumwa kisimani. Yeye akiwa na miaka kumi na mmoja anasoma jina la dawa na kuliandika katika simu ya kaka yake, na kwa dakika moja anapata majibu yote, ya kweli na ya uongo, wala hakuna paja la bibi la kuegemea. Wengine huacha dawa kwa hasira. Kwa hasira ya kudanganywa, wala si ya ugonjwa. Watoto wa namna hiyo tumewapokea kliniki wakiwa hoi, na mama amekaa kwenye benchi akisema, "Nilikuwa nangoja akue."

Tunachowashauri akina mama si kigumu. Tangu anapoanza shule mtoto anaweza kuambiwa kwamba damu yake ina mdudu anayelala, na dawa humfanya aendelee kulala. Jina la ugonjwa litafuata, mama akiwa pamoja na muuguzi kama anahofu, kabla mtoto hajalikuta mwenyewe. Na mzazi anayeumwa anaweza kufanya kama walivyofanya akina mama wa Uganda katika miaka ya 1990, ambao walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: nilizaliwa wapi, nilimpenda nani, ulipozaliwa ulikuwa na nywele za namna gani, naumwa nini. Daftari la kawaida latosha. Sisi tungetoa kitu gani leo kupata ukurasa mmoja wa namna hiyo kwa mwandiko wa mama!

Haya yote tuliyajua. Tumeyafundisha mbele ya benchi lililojaa watu. Na binti yetu bado alikuwa nje anajaza ndoo iliyojaa.

Kurasa mbili

Tulingoja Jumapili baada ya ibada, baba yake akiwepo. Tulimwita tukamwambia kwamba yale tuliyoyasema juu ya kifua hayakuwa kweli, kwamba babu na bibi yake walikufa kwa UKIMWI, na mama mdogo na mumewe vilevile, na kwamba wakati ule hapakuwa na dawa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilijua. Nilihesabu miaka." Halafu akauliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Na wewe je, mama? Ulipimwa?"

Kumbe tangu siku ile ya ndizi yeye alikuwa akilala na swali hilo. Tulimweleza kwamba tulizaliwa kabla ugonjwa haujafika nyumbani, kwamba tumepima mara nyingi, na tulipokuwa na mimba yake tulipima, na yeye yu salama. Baba yake naye akasema lake. Akapumua. Akauliza tena, kwa ukali kidogo safari hii, kwa nini tulimdanganya wakati kazi yetu ni kuwaambia watu ukweli. Tukamjibu kwamba nasi hatukuambiwa, na mtu huweza kufundisha jambo miaka ishirini bila kulifanya nyumbani kwake.

Akachukua rula, akakata neno "kifua" mara nne kwa mstari mnyoofu. Kisha akafikiri kuhusu darasani. Je, mwalimu atasoma mbele ya wenzake? Tulimwambia kweli si lazima itangazwe kwa kila mtu ili iwe kweli, na achague mwenyewe. Akaamua kuchora miti miwili, wa shuleni ulioandikwa "maradhi", na wa nyumbani ulioandikwa yote.

Ule wa nyumbani ulipungukiwa majina ya upande wa mume wa mama mdogo. Tukampigia simu kaka yetu, yule wa mwisho, tukaiweka sauti kubwa juu ya meza. Alimwamkia mjomba wake, akamwambia anachotaka. Kaka alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akaanza kutaja majina, polepole, naye akiandika. Walipomaliza akamwambia, "Mjomba wangu, kaa nikusimulie habari ya taa moja." Karatasi ya kwanza ilikuwa imejaa. Binti akachana nyingine, akaiunga kwa gundi chini ya ile ya kwanza, akasema, "Haya, mjomba, nasikiliza."